Alifungwa Juu ya Batoto

Mwanamke aliyekuwa akinilelea binti yangu tulimwita maman, jengo zima, hata wale Wabelgiji wazee wa chini ambao umri wao ungetosha kumzaa. Ni Mkongo wa Uvira, mjane, mwenye mwili mkubwa na magoti yanayomsumbua kila baridi inapoingia. Yeye aliishi orofa ya pili, mimi ya nne, huko Evere, pembeni ya Brussels, kwenye majengo ya matofali karibu na pale basi linapogeuzia. Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Kwenye vituo vya kulelea watoto jina lake lilikuwa bado linasubiri nafasi, baba yake alifanya kazi Ujerumani na kurudi mwisho wa wiki, na mimi niliingia zamu kwenye nyumba ya wazee Etterbeek giza likiwa bado limetanda. Bila maman nisingekuwa na kazi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini sikumpeleka mtoto kwingine siku ileile. Kwingine hakukuwapo.

Mimi nimekulia Morogoro, na nilifika Ubelgiji nikijiona mwenye Kiswahili cha kuwafundisha wenzangu. Maman alinishusha taratibu. Mwanangu alianza kusema "mayi" badala ya maji, na kila jioni nilimsahihisha, na kila asubuhi maman aliniharibia kazi. Siku ya kwanza aliponiambia, "Nimepika juu yako," nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamuuliza sufuria ameiweka kichwani kwangu au mgongoni. Naye akacheka, akanipiga kofi la bega, akanieleza kwamba amepika kwa ajili yangu, kwa sababu nimechoka, kwao ndivyo inavyosemwa. Nilikula samaki wake na ugali wa muhogo nikiwa nimesimama pale jikoni. Nikadhani neno lile nimelielewa.

Mwishoni mwa mwaka alikuja mwanawe. Niliwakuta asubuhi moja mlangoni, yeye akiwa mrefu kuliko fremu ya mlango, ndevu hazijachongwa, na begi moja la michezo. Umri wake ulikuwa kama wangu.

"Ni mutoto yangu," maman alisema. "Anakuya kukaa na mimi kidogo. Bon, ingia, baridi."

Kijana alinisalimia akiangalia chini. Tangu siku ile alikuwepo daima, kwenye kiti cha dirishani, kimya, hana kazi ya kwenda, na kochi alilolalia usiku ndilo mwanangu alilolalia mchana. Sikupenda, nasema kweli. Ila maman ni mtu mzima, nyumba ni yake, na mwanawe ni wake. Niliendelea kumpeleka mtoto.

Jumamosi moja nilikwenda Saint-Josse kununua unga na lengalenga, mchicha wa kwao, kwa Mrundi mmoja mwenye duka dogo, mama mwenye mdomo mwepesi ambaye habari za Waafrika wa Brussels zote hupitia kwenye mizani yake. Aliponiuliza mtoto nani anamshika, nikamwambia. Akaacha kupima.

"Kwa ule maman wa Evere? Na mutoto yake mwanaume ameshatoka?"

"Ametoka wapi?"

Akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Haujue? Alifungwa, dada. Alifungwa juu ya batoto."

Wakaingia wateja wengine, akajinyoosha na kunitajia bei kwa Kifaransa kana kwamba hatujaongea kitu. Nilimsubiri mpaka wakatoka. Akakataa katakata kuongeza neno, akasema yeye si mtu wa maneno. Hilo lingenichekesha siku nyingine yoyote. Nilitoka nimesahau unga kwenye meza, na mpaka leo sijaurudia.

Kufungwa kwa mambo ya watoto, kwetu, kuna maana moja tu. Nilipanda basi nikiwa roho juu. Nilimchukua mwanangu kwa maman, na tulipofika kwetu juu nilimvua nguo zote, nikamgeuzageuza kama daktari, naye akafikiri ni mchezo, akawa anacheka. Sikuona kitu. Nilipomvua soksi nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilimpeleka akiwa amevaa soksi za bluu, na hizi zilikuwa za njano.

"Nani kakuvalisha soksi?"

"Tonton," akasema, yaani mjomba, ndivyo alivyomwita mwanawe maman, akanyoosha mguu nimfurahie.

Sikulala. Baba yake hakurudi wiki ile, nikampigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Muulize mama mwenyewe." Rahisi kwa mtu aliye Ujerumani. Nimuulize vipi? Maman, samahani, mwanao anabaka watoto? Nikikosea nimemtukana mwanamke aliyemfundisha binti yangu kutembea. Nikipatia atakana, maana mama gani atakubali? Nilitaka kujua kwanza. Nilitaka karatasi yenye muhuri, iseme alifanya nini, nani alimhukumu, lini. Kisha nitajua pa kuanzia.

Jumatatu nilimwambia maman mtoto anakohoa, nitamweka nyumbani. Nilichukua likizo niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya kwenda kwetu. Jioni mlango uligongwa. Maman alikuwa amepanda orofa mbili na magoti yale, ameshika bakuli la supu yenye tangawizi, amelifunika kwa kitambaa.

"Kikohozi haiko mambo ya kucheza," alisema. "Umupatie ya moto."

Alitaka kuingia kumwona. Nilisema amelala. Nyuma yangu mtoto akaita kwa sauti nzima, sauti isiyo na kikohozi hata chembe. Maman akanitazama kidogo, akanikabidhi bakuli, akashuka ngazi akishika ukuta.

Rafiki yangu mmoja ni Mkenya, aliwahi kuwa karani wa mahakama kabla ya kuolewa na kuja huku. Nilimwendea yeye. Alinipa somo zima huku anakaanga vitunguu. Kwao kwenye kaunti, alisema, unakwenda masjala ya jinai, unataja namba ya kesi. Kama huna namba, unataja jina la mshtakiwa na mwaka, unalipa ada kidogo, faili linatolewa, unalisoma pale mbele ya karani. Hukumu nyingi hata mtandaoni zipo. "Kesi ni ya umma, dada. Wewe tafuta tu."

Nikatafuta. Mtandaoni hukumu za Ubelgiji nilizipata, nyingi, nikazisoma na Kifaransa changu cha kuombea dawa, na katika kila moja majina yalikuwa yamefutwa, zimebaki herufi na nukta. Watu wasio na majina wameiba, wamepiga, wamefanya mabaya kwa watoto wasio na majina. Kila nilipofika kwenye kesi ya namna hiyo nilimwona yeye, na kiti chake cha dirishani. Nilizisoma mpaka alfajiri.

Nikaenda kwenye ofisi ya komuni, yaani manispaa. Dada wa dirishani alinielewa vizuri. Rekodi ya makosa, alisema, kila mtu huomba ya kwake mwenyewe. Ipo hata ya namna maalumu, kwa wanaofanya kazi na watoto. Nikamwambia hiyo ndiyo ninayoitaka. Akaniuliza, "Ni yako?" Nikasema ni ya mtu mwingine. Basi huyo mtu aje mwenyewe na kitambulisho, alisema, au wewe umwombe akuletee. Hakuwa mkali. Alikuwa anajibu swali analojibu kila siku, na nyuma yangu watu walikuwa wanasogeza miguu.

Nikapiga moyo konde, nikaenda mahakamani kwenyewe, lile jumba kubwa lililo juu ya mji, wenyeji huliita Palais. Unapita mashine kama ya uwanja wa ndege, unaingia ukumbi ambao dari yake huioni vizuri, na hatua zako zinasikika kama za mtu mwingine. Nilielekezwa masjala. Karani pale alikuwa mwanamume mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Nilimpa jina la mwanawe maman. Nililijua kwenye kisanduku cha barua, maana walikuwa wameshalibandika.

"Bibi ni mhusika katika kesi? Mlalamikaji? Wakili?"

"Mimi ni mama," nikasema. Lilinitoka tu.

"Mama wa mshtakiwa?"

"Hapana. Mama wa mtoto."

Uso wake ukabadilika, akavaa miwani. "Mtoto aliyedhuriwa?"

Ningesema ndiyo, angeanza kufungua. Nadhani angefungua. Nikasema hapana, ni mtoto anayelelewa nyumba moja na huyo mtu, na ninaogopa. Akavua miwani tena. Akanieleza polepole kwamba faili ni la wahusika, na mwingine yeyote huomba ruhusa kwa mwendesha mashtaka kwa maandishi, na atoe sababu nzuri, na hata hivyo mara nyingi hunyimwa. Kisha, nilipokuwa nimeshageuka, akaniambia: "Faili limefungwa, bibi. Chumba cha mahakama hakijafungwa. Kesi za watu wazima yeyote anaweza kuingia kusikiliza. Orodha hubandikwa mlangoni."

Niliteremka mlima ule nikifikiri. Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho maman alikuwa amenitajia wiki nzima nyuma, kabla ya Saint-Josse, wakati ananikabidhi mtoto: "Donc, jeudi ya wiki inakuya sitakuwa. Niko na mambo ku Palais." Nilifikiri Alhamisi hiyo ni ya mambo ya karatasi za ukaazi, kama sisi sote.

Alhamisi nilimwacha mtoto kwa yule Mkenya. Kwenye korido ya vyumba vya kesi za jinai nilipita mlango mmoja hadi mwingine nikisoma majina kwa kidole, na watu wa majoho meusi wakinipisha. Kwenye mlango wa nne nilimwona. Jina lake, jina la ukoo kwanza, kwa herufi kubwa. Sikuona kosa lake, jina tu. Nilisukuma mlango, nikiwa nimepanga kukaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, nijifunike kilemba, nisikie neno moja ninalolitafuta, niondoke.

Mlango ulilia. Mtu mmoja tu aligeuka, na alikuwa maman. Alikuwa amekaa safu ya mbele peke yake, amevaa koti lake la kanisani na kitenge kichwani. Aliniona. Nilidhani ataniuliza kwa macho unafuata nini hapa. Badala yake uso wake ulikunjuka wote, midomo ikamcheza, akaondoa mkoba kwenye kiti cha pembeni yake na kukipigapiga kwa kiganja.

Ningefanya nini? Nilikwenda. Nikakaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, ilikuwa baridi kama bomba.

"Umekuya juu yangu," alinong'ona. "Nililomba batu ya kanisa, bote. Hakuna hata mumoja amekuya. Wewe umekuya juu yangu."

Mwanawe alikuwa amesimama mbele ya hakimu na wakili wake. Upande wa pili alikaa mwanamke kijana, mwembamba, pamoja na wakili wake mwenyewe, anakunjakunja karatasi ya kufutia pua. Mwendesha mashtaka akasimama. Niliukaza mwili wote. Mkono wangu ulikuwa mikononi mwa maman na sikuweza kuuvuta.

Kifaransa cha mahakamani ni kizito, nilikikamata vipande vipande. Watoto wawili. Wa kwake, mshtakiwa, na yule mwanamke. Wameachana. Jaji aliamua watoto wakae kwa mama, baba awachukue likizo. Akawachukua Agosti. Siku ya kuwarudisha ikafika, hakuwarudisha. Simu akazima. Shule zikafunguliwa, viti vyao vitupu. Polisi wakawapata Ufaransa, kwa ndugu yake, wazima, wameshiba, wakicheza mpira uani. Alikaa rumande, kisha akaachiwa kwa sharti aishi kwa mama yake mpaka kesi isikilizwe. Kosa lina jina refu kwa Kifaransa, na maana yake ni hiyo tu: kutomrudisha mtoto kwa anayestahili kuwa naye.

Nilisubiri waendelee. Nilisubiri lile jingine, na halikuja. Hakimu alikuwa anafungua kurasa, na mwendesha mashtaka alikuwa ameshakaa.

Yule mwanamke akazungumza. Alisema wiki zile zote hakujua kama wako hai. Alisema alilala sakafuni chumbani kwao. Alisema mdogo, tangu arudi, hataki kupanda gari. Hakulia, na ndiyo maana sikuweza kumtazama. Nilikuja na hofu ya mama, na mama mwenye hofu ile alikuwa amekaa upande ule mwingine, na mimi nimekaa huku, nimeshikwa mkono.

Hakimu akamuuliza mwanawe maman kwa nini. Akasema alisikia kwamba mama yao anahamia nje ya nchi nao, na yeye hatawaona tena. Akasema aliogopa. Hakimu akamwambia mtu mwenye hofu ya namna hiyo huja kwa jaji, hawafichi watoto. Akasema ndiyo, mheshimiwa, anajua. Aliangalia chini, vilevile kama siku ile mlangoni.

"Juu ya batoto," maman alininong'oneza, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Alifungwa juu ya batoto yake. Hakuiba, hakuua muntu. Juu ya batoto tu."

Nimepika juu yako. Umekuya juu yangu. Alifungwa juu ya batoto. Neno nililolicheka jikoni kwake, nikalila na samaki, kisha nikalisahau dukani kwa sababu nilikuwa na langu la Morogoro kichwani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wakati huohuo, sitaki kujipamba, sikuona raha iliyokamilika. Mtu aliyewaficha watoto akazima simu ni mtu aliyewaficha watoto akazima simu. Yule mwanamke alikuwa bado anakunja karatasi yake.

Hukumu, hakimu akasema, itasomwa mwezi ujao. Tukatoka koridoni. Maman alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Na mutoto? Kikohozi iliisha?"

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake akishika koti lake. Niliona kwamba anajua. Sijui alijuaje, lakini mtu aliyetoka alikotoka yeye hujifunza kusoma kikohozi kisichosikika. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni.

"Imeisha, maman," nikasema.

"Basi kesho umulete. Nyumba imekuwa kimya sana."

Usiku ule nililipima jambo lile huku na huku, na hakuna masjala ya kunipa jibu. Asubuhi nikamvalisha mtoto, nikateremka orofa mbili, nikagonga. Alifungua mwanawe. Aliponiona akaita ndani, "Maman, mutoto amekuya," kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akatupita, akatoka nje kwenye ngazi, miguu bila viatu kwenye sakafu ile ya barafu, akasimama karibu na reli na mikono nyuma, ili mtoto aingie bila kupita karibu naye. Nilielewa kwamba ndivyo angekuwa anafanya kila asubuhi, mpaka niridhike, na hangelalamika.

Binti yangu hakuingia. Aliketi kizingitini, akavua kiatu, akavuta soksi ikabaki nusu mguuni, kama alivyozoea kufanya pale mlangoni kila siku, akamnyooshea mguu.

"Tonton. Soksi."

Hakusogea. Hakuutazama ule mguu, alinitazama mimi. Kutoka jikoni maman alikuwa anauliza kwa nini mlango uko wazi, joto lote linatoka.

"Mvalishe, tonton," nikamwambia. "Baridi kali."

Akaitoa mikono nyuma, akapiga magoti.